Gramu Mia Moja za Embe

Mwalimu wetu wa mazoezi, kijana ambaye mabega yake hayapiti mlangoni mpaka ageuke ubavu, amenipa karatasi ya mlo inayoniruhusu kula gramu 100 za embe kwa siku, tena baada ya kunyanyua vyuma tu. Ningependa kujua kama aliyeiandika karatasi hiyo amewahi kukanyaga Buguruni mwezi Desemba. Hapa Dar es Salaam embe huuzwa kwa fungu, na ukishalipia fungu lako muuzaji anakuongezea moja la juu, akikuita "baba" kwa upole ambao mtu aliyelelewa na wazazi wawili hawezi kuukataa.

Embe dodo moja lililoiva, hata ukiliondoa ganda na kokwa, huzidi gramu hizo kwa mbali. Je, kile kipande kinachobaki nikipeleke wapi, ilhali friji yetu ilikwisha kugeuka kabati la vyombo?

Ndizi nazo zimeandikwa "moja ya wastani". Wastani wa nani? Ndizi kisukari humalizika kabla meno hayajapata taarifa, na ndizi mzuzu ni chakula cha mchana cha mtu na mgeni wake. Tikitimaji limeachwa huru kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, lakini mwalimu anatembea kwa miguu kwenda kazini, wala hajawahi kukaa dirishani kwenye daladala la Gongo la Mboto, amebanwa na watu watano waliosimama, foleni haisogei, na tikitimaji limeanza kudai haki yake.

Nilipolalamika, alinieleza kwamba fruktosi, ile sukari ya matunda, hushughulikiwa zaidi na ini kuliko misuli. Nikamjibu kwamba ini nalo ni langu, na tangu nizaliwe halijawahi kunidai vidari vya kuku. Akaleta hesabu: yai moja lina takriban gramu 6 za protini, wakati gramu 100 za embe hazifikishi hata gramu 1, kwa hiyo anayetaka protini ya yai kutoka kwenye embe itambidi ale zaidi ya nusu kilo. Nimeirudia hesabu hiyo usiku kucha na sijaona ubaya wake wowote.

Sasa mama mkwe amepiga simu kutoka Tabora kusema kwamba ametuma kiroba cha maembe kwa basi, na kwamba mkwe wake asikonde. Mke wangu ameniambia, "Baba Zuhura, hayo usipoyala, utamweleza mwenyewe." Mwalimu, baada ya kufikiri sana, ameniruhusu kukitoa kiroba hicho stendi ya Mbezi hadi nyumbani begani na kukiandika kama zoezi la siku, mradi nimkumbuke na yeye kwa fungu moja.