Inaitika Hodi, Mgeni Haimjui

Kompyuta hii ina adabu nusu. Nikichomeka hadi diski yangu ya nje, ile ya kuhifadhia vitu, inalia "ding!" Maana yake hodi imesikika, karibu imetoka. Nafungua pale diski zinapojipanga nimwone mgeni: hayupo. Ipo C, diski ya kompyuta yenyewe, imejinyoosha kama mwenye nyumba, na ipo E, ile folda ya kazini niliyoiunganisha mwenyewe kwa mtandao wiki iliyopita. Basi. Nachomoa waya, inalia "dong!" ya kuaga. Sasa we kompyuta, unamwagaje mtu unayeapa hukumwona?

Mke wangu akapita nyuma yangu polepole, kama mkaguzi.

"Baba Zuhura, si ndimo ulimohamishia picha zote?"

"Ndimo."

"Na zile za kwenye simu yangu ukazifuta?"

"Zilikuwa zinajaza nafasi."

Hakusema kitu. Heri angesema.

Nikampigia shemeji, mdogo wake, kijana anayevijua vitu hivi na anayejua pia kwamba anavijua. "Shem, huo ni waya. Jaribu mwingine." Nyumba hii ina nyaya za kila namna isipokuwa unaotakiwa. Nikaokota wa chaji ya simu, ukaingia upande mmoja wa lile tundu pana la diski lililobanwa katikati. Taa ikawaka, diski ikaanza kuzunguka, nikashangilia. Kompyuta kimya, hata ding hakuna. Kumbe kuna nyaya zilizoumbwa kupitisha umeme tu, njia za data hazimo. Yaani unamlisha mtu lakini hamzungumzi. Nimewahi kuishi na ndugu wa namna hiyo.

"Basi ni umeme. Umechomeka wapi, Shem?"

Nikameza mate. Nilikuwa nimechomeka kwenye kile kigawio cha matundu manne, pamoja na mausi, kibodi na kijitaa cha kusomea. Akanisomesha: tundu la USB 2 limepangiwa kutoa umeme wa miliampia 500, la USB 3 miliampia 900, na hadi diski ndogo ya inchi 2.5 haina chaja yake. Inakula hapo hapo, na inakula zaidi pale mota inapoanza kuzungusha sahani. Mimi nikawa nimeipanga foleni moja na taa! Nikaihamishia nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la bodi yenyewe. Kufika huko ni kulala chali chini ya meza, tochi mdomoni, vumbi puani. Nikachomeka. Ding! Nikainuka kwa furaha, meza ikanipokea kichwani. Kutazama skrini: C na E.

Jirani alikuwa ameshaingia kusikia kishindo. Akashauri niizabe kofi kidogo, la sivyo niigandishe kwenye friji, ati alisikia inasaidia. Bwana wee! Ndani ya kile kiboksi sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, kiasi kwamba punje ya vumbi kwake ni mlima. Uizabe kofi? Na ikitoka kwenye friji itatoka jasho kwa ndani. Shemeji akasema niweke sikio tu. Ikigonga tik, tik, tik, niichomoe nisiiguse tena, niwapelekee wanaookoa data. Nikaweka sikio. Inanguruma laini kama nyuki aliyeshiba. Haiumwi! Inadeka.

Ndipo akaniambia nibofye kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya kuanzia (Start) ya Windows, niingie kwenye usimamizi wa diski. Nikaikuta! Imekaa zake, nzima, gigabaiti 931. Furaha ikaishia hapo, maana boksi lake limeandikwa terabaiti 1.

"Shem, 69 zimeliwa na nani?"

Akacheka. Kumbe kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye hajui hesabu. Nikakubali kwa shingo upande, ila sijasahau.

"Soma herufi yake."

"E."

"Na ile folda ya kazini uliipa herufi gani?"

Simu ikawa kimya pande zote mbili.

Herufi ziko 26. A na B zilitengewa diski za flopi ambazo sijaziona miaka mingi, C ina mwenyewe, zinabaki 23. Kati ya zote hizo mimi nikaenda kuitwaa E, diski ikiwa kabatini haina habari. Iliporudi ikapewa kiti chake cha zamani, kumbe kuna mtu kakikalia, ikabaki imesimama nyuma ya mlango. Na kompyuta haikusema neno! Ina ujumbe wa kunihimiza niisasishe, ina ujumbe wa kuniuliza kama nimeridhika nayo, lakini hili haikuona la kuniambia.

Dawa ni kubadilisha herufi. Namtafuta aliyepanga ile orodha: "Badilisha herufi", na chini yake papo hapo, "Fomati", yaani futa kila kitu. Ukuta mmoja! Ni sawa na kuweka swichi ya taa jirani na swichi ya kubomoa nyumba. Nikashika mausi kwa mikono miwili, nikazuia pumzi, nikamfukuza jirani asije akanikoholea. Nikaipa M.

Ding!

Zikatokea folda zote za picha: Mpya, Mpya 2, Mpya Kabisa, Usifute, na Usifute Hii Ndiyo Yenyewe. Mke wangu akasogea, akafungua picha moja, akaitazama kitambo, akaifunga.

"Baba Zuhura, na hii ikifa kweli, nakala nyingine iko wapi?"

Nikaitika "Naam," vizuri kabisa, halafu nikajifanya sijui anazungumza na nani.