Kabla Hujalipia Roshani, Uliza Lifti na Bafu

Kampuni za meli za kitalii zinauza roshani. Ndiyo inayopigwa picha, ndiyo inayopandisha bei ya chumba, na ndiyo abiria wengi wanayoitazama kwanza wanapochagua. Mimi nimesafiri na mtu mzima ambaye magoti yake yamechoka, na msimamo wangu ni huu: lifti na bafu ndivyo vinavyoamua kama safari itakuwa raha au karaha. Roshani ni nyongeza nzuri tu.

Watu huchukulia meli kama hoteli, na hapo ndipo matarajio yanapokwenda kombo. Hotelini lifti ikifa, meneja anaweza kukuhamishia chumba cha chini, au akakutafutia nafasi hoteli ya jirani. Fundi anafika na gari lake la vipuri. Baharini hakuna jirani. Meli ikiwa imejaa, hakuna chumba kingine cha kukupa. Mafundi wa melini wanajitahidi kwa vifaa walivyonavyo, ila kipuri kisipokuwemo stoo kitasubiriwa bandari inayofuata, na huenda bandari hiyo iko siku kadhaa mbele.

Tazama ukubwa wenyewe. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina sitaha (yaani ghorofa) 20, na ikijaa kabisa inachukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Si meli zote ni kubwa hivyo, lakini kanuni ni ileile: maelfu ya watu wanataka kwenda kula saa ileile, kutoka kwenye onyesho dakika ileile, na kushuka asubuhi ileile wakiwa na masanduku. Lifti hupangwa kwa makundi, upande wa omo (mbele), upande wa tezi (nyuma), na kwenye meli kubwa pengine katikati pia. Kundi likiwa na lifti nne na moja ikafa, kwa hesabu ya karatasi umepoteza robo. Kwenye foleni umepoteza zaidi ya hapo, kwa sababu zile tatu zinafika zikiwa zimejaa. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji nafasi ya watu watatu au wanne waliosimama. Mlango unafunguka, wote ndani wanamtazama, hakuna anayetoka, mlango unafungwa. Hilo linaweza kujirudia mara nyingi kabla hajapata nafasi, na waliomo ndani wengi wana miguu mizima na wanakwenda sitaha mbili juu.

Kuharibika kwenyewe si ajabu. Fundi yeyote wa lifti atakwambia kuwa mlango ndio unaosumbua kuliko kitu kingine. Sasa fikiria mlango unaofunguka na kufungwa mchana kutwa na usiku kucha, unaozuiwa kwa masanduku, unaopitiwa na watu wanaochuruzika maji kutoka bwawani na mchanga miguuni, huku watoto wakibonyeza kila kitufe. Ongeza hewa ya chumvi na mtetemo wa mitambo usiokoma. Chombo kikianza kwenda mrama, kamba na nyaya zinayumba ndani ya shimo la lifti, na vihisi vya usalama vikigundua hitilafu vinaisimamisha hapohapo. Bahari ikichafuka sana, lifti zinaweza kuzimwa makusudi. Hilo silalamikii hata kidogo. Afadhali ngazi kuliko kukwama ndani ya kasha katikati ya mawimbi.

Ninacholalamikia ni ukimya. Katika safari mojawapo niliyokwenda na shangazi yangu, lifti mbili za upande wetu zilikuwa na karatasi ya kuomba radhi tangu tulipopanda. Si kwamba ziliharibika njiani. Zilikuwa zimeharibika kabla hatujafika, na hakuna aliyetuambia. Shangazi anatembelea fimbo. Jioni ya kwanza alisubiri, akasubiri, kisha akasema, "Nyie tangulieni, mimi nitakula chumbani." Wahudumu walikuwa wema kupita kiasi: walimletea chakula kwa wakati, wakamwandalia meza, mmoja wao akawa anamkunjia leso kwa maumbo ya wanyama kila jioni ili acheke. Hakukosa chakula. Alikosa meza yenye watu, na ni kwa ajili ya meza hiyo tulilipa nauli. Kufikia katikati ya safari alikuwa ameacha hata kuuliza kuna nini ukumbini.

Nilipokwenda mapokezi waliniambia kipuri kimeagizwa. Nikauliza kama anaweza kutumia lifti ya wahudumu, kwa maana kila meli kubwa ina lifti za kupandishia vyakula, nguo za kufuliwa na mizigo. Waliniambia haiwezekani kwa sababu za usalama. Naelewa kuwa mtu mwenye fimbo hawezi kuachwa azurure sehemu za kazi. Lakini kumsindikiza mara mbili kwa siku, mhudumu mmoja mbele na mmoja nyuma, kunahatarisha nini? Naamini kila kampuni ingepaswa kuwa na utaratibu huo ulioandikwa, wa kutumika pindi lifti za abiria zinapopungua, ili msaada usitegemee huruma ya aliye zamu.

Kuna siku mbaya zaidi ya hiyo. Februari 10, 2013, moto ulizuka kwenye chumba cha injini cha meli ya Carnival Triumph katika Ghuba ya Mexico. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,200 ndani yake. Umeme ulikatika, vyoo vingi vikaacha kufanya kazi, maji taka yakatapakaa sehemu za vyumba, na meli ikavutwa hadi Mobile, Alabama, ilikofika usiku wa Februari 14. Siku hizo, mtu aliyelala sitaha ya juu na mtu aliyelala karibu na ukumbi hawakuwa abiria wa daraja moja, hata kama tiketi zao zilikuwa na bei moja. Machi 2019 meli ya Viking Sky ilipoteza nguvu ya injini karibu na pwani ya Norwei katikati ya dhoruba, na watu 479 wakanyanyuliwa kwa helikopta mmoja mmoja.

Kanuni za kimataifa za usalama baharini hazikulala. Meli kubwa za abiria zilizoanza kujengwa kuanzia Julai 1, 2010, zenye urefu wa mita 120 au zaidi, zinatakiwa ziweze kurudi bandarini zenyewe baada ya ajali ya kiwango fulani, na zikiwa njiani abiria wapate huduma za msingi: vyoo, maji, chakula, mwanga, hewa, mahali pa kutibiwa. Soma orodha hiyo vizuri. Choo kimo, lifti haimo. Na kengele ya dharura ikilia, abiria wote wanaambiwa watumie ngazi. Ni sawa kabisa kiusalama, ila maana yake ni kwamba asiyeweza ngazi anategemea kubebwa. Ndiyo maana nasema chumba kichaguliwe kana kwamba lifti haipo: kiwe sitaha moja au mbili kutoka kwenye ukumbi wa chakula au kituo cha kukusanyikia wakati wa dharura, karibu na ngazi, kuelekea katikati ya meli ambako kuyumba ni kidogo. Vyumba vya chini mara nyingi ni vya bei nafuu, kwa hiyo hapa busara na mfuko vinakubaliana. Epuka tu kuwa moja kwa moja chini ya ukumbi wa muziki. (Na ukikadiria ngazi kwa kusoma namba za sitaha, kumbuka meli nyingi zinairuka 13.)

Ukaribu huo una faida nyingine ambayo wachache huifikiria mpaka iwapate. Vyoo vya meli hivi leo hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Lita moja hivi ya maji inatosha, kinyume na lita sita au zaidi za choo cha kawaida nchi kavu. Mfumo ni mzuri na unaokoa maji mengi, lakini vyumba kadhaa hushirikiana bomba. Mtu mmoja akitupa kitambaa cha unyevunyevu au nepi, majirani zake nao wanabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea. Hapo inabidi utafute choo cha umma, na kwa kawaida vyoo hivyo viko kwenye sitaha za kumbi na mikahawa, si kwenye korido za vyumba. Saa nane za usiku, lifti ikiwa imekufa na choo kimegoma, sitaha mbili ni safari na sitaha saba ni mateso.

Tuje kwenye bafu lenyewe. Kwa kawaida halijengwi ndani ya meli. Hutengenezwa kiwandani kama kasha kamili, likiwa na choo, sinki, kioo, taa na mabomba, kisha likaingizwa na kuunganishwa. Piikkiö, karibu na Turku nchini Ufini, kuna kiwanda mashuhuri cha kazi hiyo. Kwa kuwa kasha lina sakafu yake na maji hayaruhusiwi kutoka nje, mlangoni kunakuwa na kizingiti, na kinaweza kuzidi sentimita kumi. Kijana hakioni. Mzee anayeamka usiku, gizani, sakafu ikiinama upande mmoja, hukiona baada ya kidole kugonga.

Halafu kuna suala la hodhi au bafu la mvua. Hapa sina maneno ya kati: kwa yeyote ambaye hana uhakika wa kusimama kwa mguu mmoja, hodhi lisichaguliwe kamwe. Kulivuka kunakutaka unyanyue mguu juu ya ukingo mrefu, uukanyage mahali penye utelezi, huku sakafu inasogea. Vishikio vikiwepo mara nyingi ni vifupi, na watu huishia kushika pazia, ambalo haliwezi kumzuia mtu anayeanguka. Wenye watoto wadogo ndio wanaofaidi hodhi, na hao nawaelewa, maana kumwogesha mtoto chini ya bomba la mvua kwenye kona finyu ni kazi. Kati ya pazia na mlango wa kioo nachagua kioo bila kusita. Pazia linakunata mwilini, sehemu ya kuogea inakuwa ndogo maradufu, maji yanatoka nje, na sakafu nzima inageuka utelezi kwa anayeingia baada yako.

Mpangilio ninaousifu ni wa kampuni ya Disney Cruise Line, ambao katika vyumba vyao vingi wamegawanya bafu mara mbili: choo na sinki mlango mmoja, sehemu ya kuogea na sinki jingine mlango wa pili. Mmoja anaoga, mwingine anapiga mswaki, hakuna anayemgongea mwenzake. Sioni kwa nini wazo hilo halijaenea kote.

Si jambo geni kwamba raha hizi hugawiwa kwa tabaka. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na lifti tatu za daraja la kwanza na moja ya daraja la pili. Daraja la tatu halikuwa na lifti, na abiria wake zaidi ya 700 waligawana mahodhi mawili. Leo kila chumba cha abiria kina bafu lake, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini bafu lisilo na kizingiti, lenye mlango mpana, kiti cha kukunja na vishikio imara, limebaki kwenye vyumba vichache vya wenye ulemavu, na vyumba hivyo hugombewa. Wapo wanaovichukua kwa sababu tu ni vipana. Nawaomba waache. Unapopata nafasi ya kugeuza sanduku lako, kuna mtu ameambiwa meli imejaa.

Sheria zimejaribu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliamua kuwa sheria ya nchi hiyo ya watu wenye ulemavu inazigusa pia meli za bendera ya kigeni zinazofanya kazi kwenye maji yake, ingawa kwa mipaka. Umoja wa Ulaya nao una kanuni namba 1177 ya mwaka 2010, inayowapa abiria wenye shida ya kutembea haki ya kusaidiwa bila malipo, mradi wamearifu saa 48 kabla. Kusaidiwa ni vyema. Kuambiwa ukweli mapema ni vyema zaidi, na ni rahisi kwa kampuni: ikiwa lifti imekufa kabla ya kuondoka, mtumie ujumbe kila aliyesema ana shida ya kutembea, umpe nafasi ya kuahirisha bila kukatwa.

Mpaka watakapofanya hivyo, uliza mwenyewe, kwa maandishi, ukitaja namba ya chumba unachokitaka. Kizingiti cha bafu kina sentimita ngapi? Mlango una upana gani? Ni hodhi au bafu la mvua, pazia au kioo? Kuna vishikio upande wa choo? Lifti ya karibu iko umbali gani, na kwenye kundi lake zinafanya kazi ngapi leo? Wakala akisema hajui, mwombe aulize melini. Wahudumu wa vyumba wanayajua majibu hayo yote. Fanya hivyo kabla ya kumaliza malipo, kwa sababu kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia ndivyo kiasi wanachokikata ukighairi kinavyopanda.