Vergelegen: Tembea Kwanza, Kaunta Baadaye

Mimi situmii pombe, na bado nakushauri uende shamba la mvinyo. Ukifika Cape Town, Afrika Kusini, tenga nusu siku ufike Vergelegen, nje kidogo ya mji wa Somerset West. Niliongozana na rafiki yangu ambaye glasi haimtishi, na nadhani kati yetu wawili mimi ndiye niliyeona mengi.

Kosa la wageni wengi ni kukimbilia chumba cha kuonjea. Anzia mbele ya nyumba kubwa, kwenye mikafuri mitano iliyopandwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 na kulindwa kama urithi wa taifa tangu 1942. Kila shina ni pana kama kibanda. Okota jani lililoanguka ulifikiche, na kama umekulia pwani harufu hiyo hutaiuliza: ni kafuri, ile anayotiwa maiti kabla ya kuvishwa sanda. Wenzetu walikuwa wanapiga picha za harusi pale chini. Mimi nilijikuta nasoma Fatiha, bila kujua hasa namsomea nani.

Shamba hili alipewa Willem Adriaan van der Stel mwaka 1700. Alikuwa gavana wa Cape, koloni la rasi hii, chini ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, kampuni ya biashara iliyolitawala, na katika miaka michache tu alikuwa na mizabibu, matunda, ng'ombe na kondoo wa kutosha kuwabana wakulima wengine sokoni. Wakamshtaki. Kampuni ikamwita arudi Uholanzi, akaacha ugavana 1707, shamba likakatwa vipande vinne na kuuzwa. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wanyonge dhidi ya mkubwa. Sawa, ila wanyonge hao nao walikuwa na watumwa wao, na utumwa haukuwa sehemu ya malalamiko yao.

Bustani zipo nyingi, na sitazihesabu hapa. Ile yenye ukuta wa pembe nane ndiyo inayopendwa zaidi. Mimi nilipenda kivuli na mlio wa maji.

Kisha kaunta. Rafiki yangu akafundishwa kuinua glasi kwenye mwanga, kuizungusha, kunusa, kusukutua, kutema. Hapo pa kutema akagoma, kitu amekilipia! Mazungumzo ya waonjaji yanavutia hata kwa asiyekunywa. Wanasema ulimi ukizoea unatambua mlima zabibu zilikoota, upepo wa baharini uliozipuliza na pipa la mwaloni lililolaza mvinyo. Kwamba asili ya kitu hubaki ndani yake. Naliamini hilo, kwa sababu hapo hapo Vergelegen limethibitishwa kwa njia nyingine.

Wanaakiolojia walipochimba jengo walimolazwa watumwa wa van der Stel, chini ya sakafu walikuta jeneza, na ndani yake mifupa ya mwanamke. Wakapima kemikali za meno na mifupa yake. Jino hujengwa utotoni na likabaki hivyo. Mfupa hujijenga upya kidogo kidogo maisha yote. Meno yalisema mama huyu alikua akila vyakula vya nchi za joto, mbali na Cape. Mifupa ikasema baadaye alikula sana vitu vya baharini. Safari nzima ya mtu, imesomwa kutokana na alichotia mdomoni.

Watumwa wa Cape walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na pwani ya Msumbiji, jirani zetu kabisa. Ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya mizabibu. Utumwa ulifutwa 1834, lakini mashamba mengi ya Cape yaliendelea kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, na desturi hiyo ikadumu hadi ndani kabisa ya karne ya 20. Hadi leo Rasi ya Magharibi, jimbo lenye Cape Town, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi waliodhurika tumboni kwa pombe aliyokunywa mama. Si habari ya kupendeza mbele ya sahani ya jibini, najua.

Rafiki yangu aliniambia nawaharibia watu starehe yao. Hapana. Mtu aliye tayari kusikiliza robo saa kuhusu mteremko wa mlima na udongo wake ana masikio ya kutosha kusikiliza habari za waliolima udongo huo. Makumbusho pekee haitoshi, maana huko huingia aliyekwishaamua kujua. Kaunta ndiko kila mtu anakopita. Karatasi za kuonjea za Cape huandika aina ya zabibu, mwaka wa mavuno na mahali zilikoota. Kati ya mvinyo mweupe na mwekundu pana nafasi ya mistari miwili: nani walikuwa wa kwanza kulima hapa, na walitolewa wapi.