Anayetafuta Maoni Magazetini Aanze na Tarehe

Kila msimu wa tasnifu unapowadia, wapo wanafunzi wa vyuo vyetu ambao huandika mada yao kwenye Google, wakachukua makala tatu za juu, kisha wakahitimisha kwamba wananchi walikuwa na maoni tofauti. Sidhani kama huo ni uvivu. Mwanafunzi amefundishwa kutafuta vitabu na majarida ya kitaaluma, lakini mara nyingi hakuna aliyemweleza kwamba maoni ya magazetini huandamana na matukio, kwa hiyo asiyejua tukio lilitokea lini hana pa kuanzia.

Tuchukue mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, nchini Tanzania. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kanuni zilizofuata zikaweka malipo ya mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu mara moja anapostaafu, kuwa asilimia 25 ya mafao yake. Malalamiko yalipozidi, Rais John Magufuli aliagiza mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo kwamba utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaanza kutumika asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa watumishi ambao hapo awali walikuwa wakipata 50. Mwanafunzi aliyeziandika tarehe hizi pembeni ya daftari lake anajua ni magazeti ya wiki zipi ayafungue, na anajua pia kwamba gazeti la kila wiki litakuwa nyuma ya tukio kwa siku kadhaa, huku mwenye safu akisubiri siku yake ifike.

Maneno ya kutafutia nayo yachaguliwe kwa uangalifu. Anayeandika "hifadhi ya jamii" ataletewa hotuba za mawaziri na taarifa za mifuko, ilhali mwalimu anayekaribia kustaafu huzungumzia kiinua mgongo.

Hata hivyo, intaneti haitoshi. Tovuti za magazeti hubadilishwa, viungo vya zamani hufa, na barua za wasomaji, ambazo kwa maoni yangu ndizo hazina kubwa kuliko zote, mara nyingi hazipandishwi kabisa. Kwa ajili hiyo bado inafaa kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuomba magazeti yenyewe. Gazeti la karatasi linaonyesha mambo ambayo skrini huyaficha: kwamba tahariri ilikaa juu ya katuni inayoikejeli, kwamba barua ya mstaafu ilibanwa kwenye kona chini ya tangazo la zabuni, au kwamba ukurasa mzima siku hiyo ulipewa mtu mmoja. Unapopiga picha kwa simu, hakikisha kichwa cha ukurasa chenye tarehe na namba kinaonekana, maana rejeo linalosema "Mwananchi, 2018" halimsaidii yeyote, na wasimamizi wanaolipitisha wana sehemu yao ya lawama.

Ukishaipata makala, uliza ni ya nani. Tahariri haina jina kwa sababu ni msimamo wa gazeti, safu ni ya mwandishi mwenyewe, na barua ni ya msomaji ambaye mhariri amemchagua kati ya wengi. Uhuru ni gazeti la CCM, Habari Leo ni la serikali, na Mwananchi liko chini ya kampuni ya Nation Media Group. Tahariri zao kuhusu jambo moja haziwezi kurundikwa pamoja na kuitwa maoni ya umma. Wala makala ya maoni si ushahidi kwamba asilimia fulani ni sahihi. Takwimu hizo zitafutwe kwenye sheria na kanuni, na makala itumike kuonyesha watu walibishanaje.

Jambo linalosahaulika zaidi ni magazeti ambayo hayakuwepo mezani. Mawio lilifungiwa Juni 2017 kwa miezi 24, na MwanaHalisi likafuata Septemba mwaka huo kwa muda kama huo, kwa hiyo mjadala wa kikokotoo ulipopamba moto mwishoni mwa 2018 magazeti yote mawili hayakuwa yakitoka. Tanzania Daima nalo lilinyang'anywa leseni Juni 2020, na lilikuwa limerejeshewa miezi michache tu kabla ya kiwango cha asilimia 33 kuanza kutumika Julai 2022. Mwanafunzi atakayehesabu makala za miaka hiyo na kukuta ukosoaji ni mdogo analazimika kuutaja ufungiaji huo katika sura ya mbinu za utafiti, pale pale anapoeleza sampuli yake, na wala si katika tanbihi.