Miezi mitano kwenye chai, miezi mitano kwenye mbao

Mwishoni mwa Aprili 2025, mama mmoja wa vijiji vya chai kule Mufindi alinionyesha daftari lake. Ni daftari dogo kama ya watoto wa shule, analitunza ndani ya mfuko wa nailoni lisilowane. Kila siku ina mstari wake: tarehe, kilo alizochuma, kilo alizokatwa kwa ajili ya maji yaliyomo kwenye majani, kilo zilizobaki. Huandika mwenyewe jioni akitoka mzanini, kwa sababu msimu mmoja jina lake lilisomwa na kilo pungufu siku ya malipo, naye hakuwa na cha kumwonyesha karani. Nikamuuliza ameanza lini kuchuma pale.

"Mwaka wa saba huu, mwanangu. Na kila mwaka naandikishwa upya kama mgeni."

Siku chache baadaye ikawa Mei Mosi. Pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa serikali kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Oktoba ikafuata sekta binafsi, ambako wastani wa kima cha chini umepandishwa kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyake walilidai jambo hili kwa miaka, na wana haki ya kulisimulia kama ushindi. Kabla ya hapo kima cha chini cha kilimo kilikuwa Sh140,000 kwa mwezi, yaani kama Sh5,385 kwa siku ukigawa kwa siku 26 za kazi. Kwa bei za Mafinga au Tukuyu, hiyo ni unga, mafuta ya kula kidogo na nauli, basi.

Hata hivyo lile daftari limekaa kichwani mwangu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kuwa namba inayoamua maisha ya mama huyu haipo kwenye tangazo la mshahara. Namba hiyo ni sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 35, inasema kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yuleyule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Chini ya miezi hiyo, kibarua chako kikiota nyasi huna pa kudai sababu. Sasa tazama mwaka wa mama yule. Chai ya nyanda za juu huchipua kwa nguvu wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na katika kipindi hicho yeye hupata kama miezi mitano ya kuchuma. Juni baridi inaingia, majani yanagoma, na mwajiri hana cha kumpa. Wakati huohuo barabara za msituni Sao Hill zinakauka, malori ya magogo yanapita, na mashine za mbao, zikiwemo zile ndogo za kuhamishika tunazoziita ding dong, zinatafuta watu wa kubeba, kupanga na kuanika. Anashuka Mafinga. Mvua ikirudi anapanda tena kwenye chai. Anafanya kazi kama miezi kumi kwa mwaka, tena kazi nzito, na hakuna mwajiri hata mmoja aliyemfikisha miezi sita.

Hapa ndipo hoja za pande mbili zinapokutana, na nimejaribu kuzisikiliza zote kwa haki.

Nianze na waajiri, kwa sababu upande wao husemwa vibaya mara nyingi. Mwenye kiwanda kidogo cha mbao niliyezungumza naye hakuwa mtu wa dharau. Alinifanyia hesabu kwa kidole juu ya vumbi la mbao: kwa kila laki moja ya mshahara, Sh10,000 ni mchango wake NSSF, Sh3,500 tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kuwa ana watu zaidi ya kumi, Sh500 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla Sh14,000 juu ya kila laki, kabla hajanunua msumeno wala dizeli. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka kwake: "Februari magogo hayashuki. Nikimweka mtu kazini, nimlipe kwa mbao ipi?" Ni swali la kweli. Katika chai ni hivyohivyo, na huko kuna jingine juu yake. Kwa miaka ya karibuni wakulima wa Rungwe, Mufindi na Njombe wamelia kucheleweshewa malipo ya majani mabichi, na kiwanda kisichomlipa mkulima kwa wakati hakitamlipa mchumaji kwa wakati. Kuna pia mashine ya kuchumia, ambayo watu wachache wakishika wanafanya kazi ya kundi zima la wachumaji wa mikono. Kila sheria inayoongeza gharama ya mtu inaifanya mashine hiyo ionekane nafuu machoni pa meneja. Anayedai sheria bora kwa wafanyakazi bila kuitaja mashine anaruka nusu ya habari.

Lakini hoja hii ya gharama imewahi kupimwa, na matokeo yake tunayo. Chini ya sheria ya zamani ya fidia, fidia ya juu kwa ulemavu uliotokana na kazi ilikuwa Sh108,000. Fikiria hilo mbele ya msumeno wa duara. Kijana aliyepoteza vidole vinne alikuwa anapewa fedha isiyofikia bei ya baiskeli nzuri, naye alirudi kijijini kulishwa na ndugu. Vyama vya wafanyakazi vilipigania sheria mpya, ikapitishwa mwaka 2008, na Mfuko ukaanza kukusanya michango mwaka 2015. Waajiri binafsi walianza kwa kuchangia asilimia moja ya mishahara. Leo ni asilimia 0.5. Kinga imepanda na mchango umeshuka, kwa sababu hatari imebebwa na wengi badala ya kiwanda kimoja. Tena Mfuko haumuulizi majeruhi ana miezi mingapi kazini. Siku ya kwanza inamtosha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila haki ya mfanyakazi ni mzigo kwa kiwanda. Haki ikipangwa vizuri hugharimu kidogo. Inayogharimu sana ni ile ambayo kila mwajiri anaibeba peke yake, huku jirani yake anayekwepa akiuza mbao kwa bei ya chini. Na jirani huyo yupo, kila mtu Mafinga anamjua. Halipi NSSF, hana orodha ya watu wake, na mkaguzi wa kazi akifika anakuta eneo tupu na vumbi. Mwajiri mwaminifu ana sababu ya kuutaka ukaguzi kuliko hata chama cha wafanyakazi, na natamani Chama cha Waajiri, ATE, kingelisema hilo kwa sauti.

Upande wa vyama nao una deni. Historia yetu inaeleza sehemu yake. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa, na chama kimoja, NUTA, kikaundwa kwa sheria, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Ikaja JUWATA mwaka 1978 kama jumuiya ya chama tawala. Vyama vya leo ni huru kisheria, ila mazoea ya kutazama juu hayajaisha. Tunaona risala nzuri, tunaona fulana na maandamano ya Mei Mosi uwanjani. Sisi wa Mbeya tuliyapokea kitaifa mwaka 2019 pale Uwanja wa Sokoine. Huyu mama wa daftari amechuma misimu saba na hajawahi kumwona mtu wa chama shambani. Sheria inampa chama haki ya kuingia eneo la mwajiri kuandikisha wanachama, kwa hiyo kisingizio cha geti hakitoshi.

Kosa si la uvivu peke yake, nakubali. Ili chama kitambuliwe na kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri, kinahitaji wengi kati ya wafanyakazi wa eneo husika. Wengi wa mwezi gani? Ukiwahesabu Machi, shamba limejaa. Ukihesabu Julai wamebaki wenye ajira ya kudumu: madereva, mafundi, walinzi, makarani. Ni rahisi kwa kiongozi wa chama kuwategemea hao, ambao ada yao inakatwa kila mwezi bila usumbufu. Basi madai yanayopelekwa LESCO, baraza ambako serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa meza moja kuishauri serikali juu ya sheria za kazi, yanakuwa madai ya watu wa mwezi Julai.

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mapema 2025 yanatakiwa kusomwa kwa jicho hilo. Zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja; sasa umeruhusiwa pia kwa wengine katika mazingira yaliyotajwa, kazi za msimu zikiwamo. Waajiri wanasema, na si uongo, kwamba hili linawatoa kwenye ujanja: badala ya kumwita mtu kibarua wa kutwa, wampe karatasi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Upande wa pili unahofia kuwa miezi mitano imepewa muhuri, na mtu ataandikiwa mikataba kumi na mitano mfululizo hadi azeeke. Mimi nasimama karibu na hofu hiyo, lakini karatasi siikatai. Bibi zetu wa Ubena na Ukinga waliona wanaume wao wakichukuliwa kwenda mkonge wakiwa manamba, watu wa namba, na wengine wakipelekwa na Wenela, waandikishaji wa vibarua wa migodi, hadi Afrika Kusini. Namba walikuwa nayo, ila hawakuwa na haki ya kuuliza. Karatasi yenye jina, kiwango cha malipo na tarehe ni mwanzo wa kuuliza.

Kinachobaki ni kuhesabu. Na kuhesabu misimu si wazo geni katika sheria yetu. Kifungu cha 29 cha sheria ileile kinampa mfanyakazi wa msimu likizo yenye malipo hata kama hajatimiza miezi sita, na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri mmoja anajumlishiwa vipindi vyake. Wabunge wa 2004 walimfikiria mchumaji walipoandika kuhusu likizo. Walipofika kwenye kuachishwa kazi waliweka maneno "mkataba mmoja au zaidi", ambayo yanaonekana kufungua mlango wa kujumlisha, lakini hawakusema miezi ya baridi katikati ya msimu na msimu ihesabiweje. Mwajiri anasema imekata mnyororo. Mfanyakazi anasema haijakata. Na mwenye kuamua ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa kufika ndani ya siku 30, na nauli ya kutoka vijiji vya chai hadi Iringa mjini na kurudi inameza zaidi ya ujira wa siku moja.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuomba jambo moja LESCO, ningeomba sentensi moja: misimu inayofuatana kwa mwajiri mmoja ijumlishwe, na mapumziko yanayoletwa na zao lenyewe yasiikate. Mwajiri halazimiki kulipa Julai. Analazimika tu kumwita kwanza aliyekuwapo mwaka jana, na asipomwita aseme kwa nini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na asilimia 33, na sidhani kama kuna meneja atakayenunua mashine kwa sababu ya kuulizwa swali.

Sitadai kwamba sentensi hiyo inamaliza kila kitu. Mama huyu ana waajiri wawili, na huwezi kumwambia mwenye chai abebe miezi ya mwenye mbao. Kwa sehemu hiyo njia ni ile ya NSSF na Mfuko wa Fidia, haki inayomfuata mtu popote anapokwenda, mradi kila mwajiri amwandikishe. Hiyo ni kazi ya ukaguzi, na ukaguzi unahitaji magari, mafuta na watu wa kufika Mufindi wakati wa mvua. Vyama vikiibana serikali kwenye bajeti ya wakaguzi kwa nguvu ileile vinayotumia kwenye mshahara, waajiri waaminifu watakuwa upande wao.

Kabla sijaondoka siku ile nilimweleza habari za chama, na kwamba ana haki ya kujiunga. Alisikiliza vizuri, akafunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. Kisha akaniuliza ajiunge na kipi: kile cha mashambani, TPAWU, ambacho kingemhusu hadi Mei, au cha viwandani kama TUICO, ambacho kingemhusu kuanzia Juni? Na akikatwa ada huku, kule atahesabiwa?

Nimewapelekea swali hilo viongozi wawili wa vyama hapa nyanda za juu. Mmoja aliniambia aje ofisini. Wa pili alinyamaza kidogo, akauliza mama anaishi kijiji gani, akaandika.