Picha za Kale na Santuri Ndefu, kati ya Köln na Mtwara

Ninaingia mwaka wa 14 tangu nihamie Köln, nchini Ujerumani, na wenzangu wa hapa bado wanastaajabu kuona mtu aliyekulia Chikongola, Mtwara, anazijua picha za kale za sinema kiasi cha kukariri maneno yake. Hudhani kwamba nilizisomea. Ukweli ni kwamba tulizijua kwa sababu hatukuwa na nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivushwa mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakikaza barabara ilikuwa haipitiki, hivyo mkanda wa video ulitufikia ukiwa umekwisha kuzunguka vibanda vya Dar es Salaam hadi rangi zimepauka. Picha mpya kwetu ilikuwa ile ambayo wengine walikwisha kuichoka.

Ndivyo nilivyoiona Sholay, picha ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, nikiwa nimeketi kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda kilichoezekwa makuti. Mtafsiri wetu hakujua Kihindi hata kidogo. Aliutazama mkanda mara mbili mchana, kisha usiku akashika kipaza sauti na kuwapa wahusika maneno aliyoona yanawafaa. Yule jambazi Gabbar Singh akamfanya mnunuzi wa kangomba anayewapunja wakulima wa korosho, na kibanda kizima kikamchukia kwa moyo wa dhati. Kisha Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, akafa. Kila mtoto wa Kitanzania alijua kwamba stelingi hafi, na watu wazima wawili walisimama kudai warudishiwe kiingilio.

Huku ninakoishi, picha ya kale huheshimiwa kama maiti ya mtu mkubwa. Mtaalamu hutangulia kuzungumza nusu saa, taa huzimwa, na anayekohoa huomba radhi kwa macho. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, nilicheka kwa sauti pale wakulima wanapowatafuta wapiganaji wa kuwalinda dhidi ya majambazi kwa ujira wa wali tu, nikageukiwa na safu mbili za mbele. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimekutana na babu yake Sholay, ambayo ilichota kwake habari ya kijiji kinacholindwa na watu wa kukodiwa. Humo stelingi wako saba, na wanne wanakufa, wote kwa risasi, wala si kwa upanga. Sijui wale wawili wa Chikongola wangedai kiasi gani.

Hata hivyo, ni katika mazungumzo hayo ya utangulizi nilipojifunza jambo lililonifurahisha kuliko picha yenyewe. Enzi za sinema zisizo na sauti, Wajapani walikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia, akiwasemea wahusika wote kwa sauti mbalimbali, naye aliitwa benshi. Watu wengine walikwenda sinema kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya picha. Heigo, kaka yake Kurosawa, aliifanya kazi hiyo hadi sinema zenye sauti zilipoiua. Nilitamani kusimama niwaambie wale watazamaji wanyamavu kwamba benshi ninamjua, na kwamba ananidai shilingi mia.

Ughaibuni nakusifu kwa jambo moja: ukamilifu. Mkanda wetu wa Sholay ulikatika kabla ya mwisho, kwa hiyo kila mtaa ukawa na mwisho wake, na mimi ni Ulaya nilikojua kwamba hata mwisho unaojulikana na wengi ulibadilishwa kwa amri ya wakaguzi wa India, waliokataa Thakur, yule bwana aliyekatwa mikono na Gabbar, amuue jambazi huyo kwa miguu yake na kutaka polisi wafike kwanza. Lakini Wajerumani nao wasitucheke. Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, waliitazama imekatwakatwa kwa miongo mingi, hadi nakala ndefu zaidi ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008.

Upande wa muziki hukumu yangu inageuka. Nyumbani wimbo ni wa harusi, wa baa au wa kwenye basi, na ni nadra kumkuta mtu ameketi kuisikiliza albamu nzima bila kufanya lingine. Tabia hiyo nimeipata huku, na ninaishukuru. Albamu ninayoipenda zaidi ni Tago Mago ya kundi la Can, la hapa hapa Köln, iliyotoka mwaka 1971 katika santuri mbili. Wimbo mmoja humo, Halleluhwah, unachukua peke yake upande mzima, dakika 18 na ushei, huku mpiga ngoma Jaki Liebezeit akirudia mdundo ule ule na kuubadili kidogo kidogo. Wenzangu huuita muziki wa kuthubutu. Kwa mtu aliyekesha kwenye sindimba wakati wa jando, dakika 18 ni muda wa wapigaji kusalimiana.

Likizo iliyopita nilimsikilizisha mjomba wangu kule Mikindani. Nilimwamkia, nikamwekea wimbo ule, naye akausikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo wageni wangu wa Köln hawajawahi kuliweza. Kisha akasema, "Mjomba, huyu kijana anajua, lakini ngoma yake haikupashwa moto." Kwetu ngozi huoteshwa motoni ili ikaze na kulia vizuri, na tangu siku hiyo kila nikiisikiliza santuri ile nasikia ubaridi ambao zamani sikuusikia.

Mwakani nitampelekea Seven Samurai, nzima, dakika zote 207. Nilimweleza kwenye simu kwamba wahusika wanasema Kijapani na maandishi ya chini ni ya Kijerumani, nikamuuliza tutampata wapi wa kututafsiria. Amejibu kwamba atatafsiri yeye mwenyewe, ila nimletee picha siku mbili kabla.