Aliyeacha Pombe Mpeni Ashike Fedha

Tukisikia fulani kaacha pombe, swali letu huwa moja: ana muda gani? Kama ni mwaka, tunamsifu; kama ni wiki, tunaguna. Mimi naona kuacha ni mwanzo tu. Kupona kamili kunatutaka na sisi tuliomzunguka tufanye sehemu yetu.

Mwanzo huo nao usifanyiwe mzaha. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue, akikatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili au ya tatu wengine huona wadudu ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Kwetu hapo huitwa mganga, au mtu anafungiwa chumbani arosto imtoke. Jamani, arosto ya pombe inaua. Hospitali wana diazepamu ya kumshusha taratibu na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Mpelekeni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltrexone na acamprosate, zinazosaidia mtu asirudie pombe, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ni ugonjwa, na una dawa.

Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017 niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini kiroba kuondoka dukani hakumrudishii mtu nafasi yake nyumbani.

Katika ukoo wetu yupo kaka, mtoto wa mama mkubwa, hajagusa pombe miaka kadhaa. Analipa ada za watoto, Jumapili yupo kanisani. Ukitokea msiba, anatumwa kupanga viti na kuchota maji. Daftari la rambirambi anapewa kijana wa chuo ambaye hata majina ya wazee wa ukoo anayauliza. Hakuna anayetaja sababu, na kaka naye haulizi. Anapanga viti.

Najua alichofanya. Aliuza jenereta ya baba, akanywa ada ya mwanawe, na shemeji mpaka leo hushtuka geti likigongwa usiku. Imani haidaiwi kwa nguvu, hasa kwa mke. Ila inaweza kurudishwa kidogo kidogo. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Ohio, Marekani, mwaka 1935, vinalielewa hili: mgeni huanza kwa kupika chai na kupanga viti, na akikomaa anaweza kuwa mweka hazina wa kikundi. Mlevi wa jana anashika fedha za wenzake. Sisi tunamwacha mtu kwenye viti maisha yake yote, halafu tunashangaa akirudi kilabuni, mahali pekee alipokuwa akiitwa mzee na kusikilizwa.

Simaanishi ajaribiwe kwa bia moja ya harusi tuone kama ameiva. Kwa aliyefikia kuzimua kila asubuhi, sioni faida yoyote katika jaribio hilo. Ajaribiwe kwa majukumu: leo atumwe sokoni na noti ya elfu kumi, mwezi ujao asimamie mafundi, baadaye ashike daftari. Na akianguka, maana wapo wanaoanguka, arudishwe hospitali, daftari lishikwe na mwingine kwa muda, kisha aanze tena na ile noti ya elfu kumi.